Kapu la Pasaka huko Shituru

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Likasi hufuata barabara kuu kwa mwendo wa kilomita zipatazo 120, akipita katikati ya pori la miombo na vilima vya udongo mwekundu. Mwishoni mwa mwezi wa Machi mvua zinaaga. Nyasi za kando ya njia zimepita kimo cha mtu, na mahindi ya mashambani yameanza kukauka yakiwa bado juu ya mabua yake. Akikaribia mji, huona vilima vilivyochimbuliwa ubavuni na mabomba marefu ya viwanda. Hapo ndipo Shituru, mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi, pamoja na Kikula, Panda, na komini ya Likasi yenyewe.

Wasomaji wapenzi, wageni wengi hufika Shituru kutazama shaba. Sisi leo tutalitazama kapu la mama aendaye sokoni katika Juma Kuu. Shaba huondoka kwa gari moshi na kwa malori kwenda nchi za mbali. Kapu hurudi nyumbani, na yaliyomo ndani yake hutuonyesha kama nyumba ile itashangilia siku moja na kulia mwezi mzima, au kama itashangilia kwa amani.

MJI ULIOLISHWA KWA POSHO

Ili kuifahamu hesabu ya Shituru, yafaa tuanze na historia yake. Mwaka 1929 Union Minière du Haut-Katanga ilianza kusafisha shaba hapa kwa nguvu ya umeme, na mwaka uliofuata umeme huo ulianza kutoka Mwadingusha, kwenye mto Lufira. Mji wenyewe uliitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ndipo ukarudia jina la Likasi. Mwaka 1967 kampuni ile ikawa mali ya serikali, nayo baadaye ikajulikana duniani kwa jina la Gécamines.

Katika kambi za wafanyakazi chakula kilitoka kwa kampuni. Kila juma watu walipanga mstari kupokea posho: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta ya mawese, chumvi, karanga, na nyama au samaki. Hata baada ya watu kuanza kulipwa kwa fedha tupu, Gécamines haikuacha kuwapa wafanyakazi wake unga. Hivyo baba alizoea kujua siku ya gunia, na mama alizoea kupika bila kuuliza bei ya unga sokoni. Posho ilijaza matumbo, nalo lilikuwa jambo jema. Lakini haikumfundisha mtu kuweka akiba, kwa kuwa mwingine ndiye aliyemwekea.

Kisha ghala likafungwa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1994 haikufikisha hata 40,000. Mishahara ikachelewa kwa miezi mingi, na fedha za nchi zikapoteza thamani yake. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na malipo yake ya mwisho mkononi. Leo yapo makampuni mengine yanayochimba na kusafisha madini katika eneo hilo, na wapo wenye mishahara. Hata hivyo nyumba nyingi za Shituru huishi kwa meza ya mama sokoni, kwa shamba la nje ya mji, na kwa vibarua vya baba. Kila nyumba imekuwa ghala la nafsi yake, na mwenye funguo zake, mara nyingi, ni mama.

PASAKA HAINGOJI MSHAHARA

Noeli ina tarehe yake, mtu aweza kuingoja. Pasaka hutembea. Huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo yaweza kuwa mapema kama 22 Machi au kuchelewa hadi 25 Aprili. Mwaka 2024 ilikuwa 31 Machi, siku za mshahara; mwaka 2025 ilikuwa 20 Aprili, mshahara wa Machi umekwisha na wa Aprili ungali mbali. Mwaka 2026 ni 5 Aprili, na mwaka 2027 ni 28 Machi. Mwenye busara huitazama kalenda tangu Jumatano ya Majivu, wala hangoji kuulizwa na watoto: “Mama, tutakula nini?”

Tena yapo mambo ya majira. Huko Katanga mahindi mapya huvunwa kuanzia Aprili na Mei. Basi Pasaka huingia palepale ambapo unga wa zamani umepungua na mpya haujafika, na bei ya meka moja ya unga yapanda. Unga mwingi wa Katanga hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikipata ukame, kama ule wa mwaka 2024 uliotangazwa kuwa janga la taifa, masufuria ya Likasi hutambua upesi. Mama anayeyajua hayo huweka akiba ya unga wake kabla ya Machi, hata kama ni meka moja moja.

Lakini majira yaleyale yachukuayo kwa mkono mmoja hutoa kwa mkono wa pili. Mwisho wa mvua ni wakati wa karanga mbichi, mahindi ya kuchoma, majani ya maboga, lengalenga, matembele na sombe. Yeye atakaye kula vizuri kwa fedha chache na aanze na vitu ambavyo mvua imevileta mlangoni mwake, kisha ndipo akanunue vilivyokuja kwa lori. Kila kitu kilichopita Kasumbalesa na Lubumbashi kimepita katika mikono mingi, na kila mkono umejilipa.

PASAKA YA KWANZA NA HESABU YAKE

Tukifungua kitabu cha Kutoka, sura ya 12, tutastaajabu kuona kwamba agizo la Pasaka ya kwanza ni agizo la nyumba na hesabu. Waisraeli waliambiwa wamtenge mwanakondoo siku ya kumi ya mwezi, na kumchinja siku ya kumi na nne. Maana yake, hawakukimbilia sokoni jioni ile ya sikukuu. Nyumba iliyokuwa ndogo mno kwa mwanakondoo mzima iliambiwa ishirikiane na jirani wa karibu, wakihesabu vichwa na kadiri ya ulaji wa kila mmoja. Nayo nyama haikuruhusiwa kubaki hadi asubuhi. Yaani wanunue mapema, washirikiane na jirani, wapike kwa kadiri.

Ndugu zetu Wayahudi wangali wanaishika Pasaka hiyo. Katanga iliwajua: wafanyabiashara wengi wa Kiyahudi walitoka kisiwa cha Rhodes wakakaa huko enzi za Wabeljiji, wakajenga sinagogi lao Lubumbashi, nao Rabi Moïse Levy aliwaongoza tangu mwaka 1937 kwa zaidi ya miaka hamsini. Katika siku za Pasaka yao hawali kitu chenye chachu, wala hakitakiwi kukaa nyumbani. Kwa hiyo, majuma kadhaa kabla ya sikukuu, mama wa nyumba hufungua kabati na kumaliza kwanza unga na mikate aliyo nayo, badala ya kuleta mingine. Hata katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, ambako vyakula vya Pasaka vilivyotengenezwa kiwandani huuzwa kwa bei kali, wenye akili hununua viazi, mayai, mboga na nyama, wakapika wenyewe. Hekima hiyo haina taifa. Mama wa Shituru aweza kuitumia: kabla ya kwenda sokoni, achungulie kwanza chini ya meza na ndani ya mitungi, ajue alicho nacho.

SOKONI KATIKA JUMA KUU

Sasa twende sokoni, Kikula au katikati ya mji. Jumatatu ya Juma Kuu sauti ni za kawaida. Alhamisi watu wanasukumana, na Jumamosi hakuna anayepunguza bei. Muuzaji si mwovu. Naye ana watoto. Lakini anajua kwamba Ijumaa Kuu Wakristo hawali nyama, na kwamba kila nyumba itatafuta samaki siku moja. Samaki wabichi kutoka ziwa Tshangalele, samaki wa barafu ambao wengi huwaita tomson, na samaki wa chumvi, wote hupanda bei katika siku tatu hizo. Samaki wa chumvi haharibiki upesi; yafaa anunuliwe juma la nne au la tano la Kwaresima, atundikwe mahali pakavu, naye atangoja Ijumaa Kuu bila kulalamika. Vivyo hivyo maharagwe, mchele, chumvi, sukari na sabuni. Vitakavyobaki kwa Jumamosi ni nyanya na majani.

Mtazame pia huyo apimaye unga. Meka ni kopo tu, na kopo laweza kuwa na tumbo lililobonyea. Mnunuzi mwerevu hutazama chini ya kopo kabla ya kutazama juu, hungoja unga utulie, kisha huomba matabishi kwa maneno mazuri. Mteja wa siku zote hupewa matabishi. Mteja wa Jumamosi ya Pasaka hupewa mgongo. Afadhali kuwa na muuzaji mmoja mnayejuana mwaka mzima kuliko kuzunguka meza ishirini siku moja.

Lipo swali la kwenda Lubumbashi, ambako wengine husema vitu ni rahisi. Hesabu ni hii: chukua bei ya Likasi, toa bei ya Lubumbashi, kisha toa nauli ya kwenda na kurudi pamoja na ushuru wa mizigo. Kwa kapu moja, faida yote itakaa kwenye kiti cha gari. Kwa nyumba nane zilizomtuma mtu mmoja mwaminifu, faida yaweza kuonekana.

LIKELEMBA NA SANDUKU

Hapa tumefika kwenye jambo kubwa. Watu wa Kongo wanaijua likelemba: kila mmoja hutoa fedha sawa, na kila zamu mmoja huchukua zote. Jirani zao wa Zambia huiita chilimba. Ni desturi njema, nayo imejenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini kwa sikukuu ina kasoro moja: Pasaka ni ya wote siku moja, na zamu ni ya mmoja.

Kwa hiyo kwa ajili ya sikukuu yafaa sanduku la pamoja, linalofunguliwa mara moja. Tufanye mfano. Akina mama wanane wa mtaa mmoja wakubaliane kuweka faranga 5,000 kila juma kwa majuma sita ya Kwaresima. Kila mmoja atakuwa ameweka 30,000, na sanduku litakuwa na 240,000. Mama mmoja mwenye 30,000 hununua mchele kwa meka na mafuta kwa chupa ndogo, akilipa bei ya juu kwa kila kipimo. Wanane kwa pamoja hununua gunia, katoni ya samaki, bidoni ya lita 20, tena hununua mapema. Kisha hugawana mbele ya macho ya wote. Funguo zikae kwa mmoja, sanduku kwa mwingine, na daftari kwa wa tatu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Wakiona zimebaki faranga, wataamua pamoja nani katika mtaa wao hakuweza kuweka kitu, wampelekee sehemu yake kabla ya Jumapili. Mjane ana Pasaka pia.

Na mbuzi? Mbuzi mmoja ni mwingi kwa nyumba ya watu watano isiyo na barafu ya kuhifadhia, na umeme wa mitaani hukatika mara kwa mara, ingawa nguzo zake zinapita juu ya vichwa kuelekea viwandani. Basi turudi katika sura ile ya 12: nyumba mbili au tatu, mbuzi mmoja, hesabu ya vichwa. Mwenye kuku wake mwenyewe ni tajiri zaidi: kifaranga aliyeanguliwa kabla ya Noeli, akipewa makombo na ulinzi, huwa kuku wa sufuria wakati wa Pasaka.

Tusisahau kinywaji. Kreti ya bia yaweza kumeza nusu ya kapu, na lutuku humeza hata mnywaji mwenyewe. Katanga ina munkoyo: uji wa mahindi uliopozwa, ukatiwa mizizi iliyopondwa ya mmea wa jina hilohilo, ukalala usiku kucha. Mizizi hiyo huugeuza wanga wa uji kuwa utamu, hata bila sukari ya dukani. Asubuhi ya Pasaka watoto hunywa, wazee hunywa, na hakuna anayegombana. Kwa atakaye kitu cha kukata vipande kama nyama, ipo kikanda ya viazi vya porini na karanga, ambayo wageni huisifu bila kujua kwamba haina nyama hata kidogo.

RAHISI ILIYO GHALI

Lakini angalieni, akina mama: si kila kilicho rahisi ni akiba. Viwanda vya Shituru kwa miaka mingi vimetiririsha maji machafu katika vijito vinavyoshuka hadi Lufira na ziwa Tshangalele. Mwaka 2010 wataalamu walichapisha uchunguzi wao juu ya bonde la Lufira ya juu; walipima shaba, kobalti, risasi, kadimi, urani na vingine, wakaonyesha kwamba madini hayo yameingia katika viumbe vya maji. Basi muulize muuzaji wa majani amelima wapi, na anamwagilia maji gani. Fungu la lengalenga la bei ya chini lililokua kando ya mfereji wa kiwanda laweza kumgharimu mtoto afya yake. Nunua kwa yule umjuaye shamba lake, hata akizidisha kidogo. Pia tazama tarehe ya mkebe, na usiuchukue uliovimba.

Na kitu cha bei ghali kuliko vyote huko sokoni hakipo mezani. Ni mkopo wa haraka wa riba, ule ambao watu kwa mzaha huuita Banque Lambert, ingawa hauna mlango wala dirisha wala kibali. Huko si ajabu aliyekopa 100,000 kutakiwa 150,000 mwisho wa mwezi. Akishindwa, riba huzaa riba, kisha televisheni hutoka nyumbani, halafu cherehani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Baba anayekopa ili majirani wanuse harufu ya nyama yake, Aprili huomba unga kwa majirani walewale.

KITI KITUPU DARASANI

Sisi walimu twaiona hesabu hiyo mahali pengine. Likizo ya Pasaka ikiisha, watoto hurudi shuleni. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali huko Kongo hazitozi karo, na shukrani kwa hilo. Lakini sekondari zingali zinalipwa, na baada ya Pasaka mitihani ya mwisho wa mwaka hukaribia. Kila mwaka wapo wanafunzi waliokula vizuri Jumapili ya Pasaka na kurudishwa nyumbani majuma machache baadaye. Kiti kitupu darasani mara nyingi ni mfupa wa karamu ile. Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa akiba ya sikukuu ni huu: kabla ya kuandika mchele na samaki, iandike karo ya mtoto juu ya karatasi, na fedha yake itengwe isiguswe. Kinachobaki ndicho kapu.

Vivyo hivyo ubatizo. Wengi hubatizwa katika Mkesha wa Pasaka, na wapo waahirishao sakramenti mwaka hata mwaka kwa kukosa fedha za karamu na za picha. Maji ya ubatizo hayauzwi kwa meka. Bukari, sombe na samaki mdogo vyatosha kumkaribisha Mkristo mpya, ikiwa walioketi naye wanampenda.

Mtu asifikiri kwamba tunamfundisha ubahili. Bahili hula peke yake. Mwenye akiba hula pamoja na wengine, tena bila hofu ya kusikia hodi ya mdai. Kwaresima hutufundisha kujinyima siku arobaini, na haifai kuyateketeza yote kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa Shituru, siku hizi hakijazwi na kampuni. Hujazwa na mama, na baba anayemletea fedha zote bila kuficha, na watoto wanaojua kwa nini mwaka huu hapakuwa na viatu vipya lakini mwezi wa Juni watakuwa bado darasani.

Pasaka ijayo tazameni kalenda mapema. Juma la kwanza la Kwaresima, shikeni karatasi na kalamu, baba na mama pamoja. Waiteni jirani wawili. Tafuteni sanduku lenye kufuli. Faranga za kwanza zitaonekana chache mno, wala msizidharau.